Maandazi Saba ya Mheshimiwa

Alikuja Jumanne, siku ya mnada wa mitumba Kiborloni,
magari kumi na moja na vumbi la kutosha kata nzima,
spika juu ya paa ikiliita jina lake
kama vile mwenyewe kapotea.
Akashuka. Akanikumbatia mimi, Gaudensia,
ambaye shemeji zangu hunisalimia kwa mbali
wakiogopa harufu ya moshi.
"Mama, leo nakusaidia kazi!"
Kijiti changu cha kugeuzia kikahama mkono.

Geukia huku, Mheshimiwa. Tabasamu.
Tena, tafadhali, jua limeingia.
Na mafuta hayajui itifaki.
Saba yalitumbukia karaini yakiwa unga,
saba yakatoka makaa.
Akaweka moja mdomoni, asiling'ate,
akalishikilia hivyo hivyo mpaka picha ikaisha.
Watu wakapiga makofi.
Akaniahidi lami, bomba, na jiko la gesi.
Maandazi hakuyagusia.

Sasa mimi nina daftari, hakuna asiyelijua.
Yumo Melkiori wa bodaboda, chai mbili.
Yumo mwalimu Afraeli, "mwisho wa mwezi,"
mwezi upi hakusema.
Nikalamba ncha ya kalamu, nikaandika chini yao:
Mheshimiwa, saba, elfu moja na mia nne.

Msimu ukaendelea na mambo yake.
Wilbard, mume wangu, alipata fulana mbili,
ya Chama cha Mwiko akavaa kumwagilia migomba,
ya Chama cha Ufunguo akavaa jioni kilabuni,
kwa kuwa siku hiyo Ufunguo ndio walionunua.
Nilipomuuliza msimamo wake
akasema mbege haina chama,
ina mwenyekiti tu, naye ni mwenye kata.

Mbuzi wa Mama Ndeshi alikula bango la mgombea udiwani,
akaanza na ahadi, akamaliza na kidevu.
Mwenye mbuzi akaitwa ofisini
aeleze mnyama yuko upande gani.
Alirudi saa nane mchana, kachoka,
amesaini karatasi kwa niaba ya mbuzi.

Kinyozi Epimaki alibandika: SIASA MARUFUKU, NYWELE TU.
Ilidumu siku moja na nusu.
Siku ya pili mteja alitoka amenyolewa upande,
hoja ilikuwa imefika patamu,
na upande uliobaki alikataa kuuacha kwa mpinzani.

Siku yenyewe tulipanga foleni tangu alfajiri.
Bibi Aikande, mbele yangu, alimshika karani mkono:
"Mwanangu, huu wino unatoka kwa ndimu?
Maana Jumamosi tuna harusi."
Karani akasema hautoki hata kwa jivu.
Bibi akafikiri, akatoa kidole kidogo,
kile asichokitumia sana.

Matokeo tuliyasikia kwa redio ya Epimaki.
Mheshimiwa wangu alikosa kwa kura mia na ushee.
Magari sikuyaona tena.
Hata mlima, uliojifunika wiki tatu
kama mtu anayekwepa kuombwa kura,
asubuhi hiyo ulikaa wazi, mweupe, hauna habari.

Akaja Alhamisi moja, mapema,
nyuma ya pikipiki ya Melkiori, koti limefungwa mpaka juu.
Hakunikumbatia. Alisema "shikamoo,"
na umri wetu ni mmoja.
Nikamsogezea benchi, nikamsogezea daftari.
Akasoma taratibu, akajipapasa mfuko huu, na ule,
akapapasa hata ule wa kifuani unaokaa kalamu.
"Mama Gaude, hali unaiona."

Nikaiona. Nikampa matatu ya moto, na chai.
Akala yote. Akalamba vidole.
"Kumbe ni matamu," akasema,
na mshangao wake ulikuwa wa kweli, ukaniudhi kidogo.
"Niandikie."

Nikafuta Mheshimiwa, nikauliza jina la nyumbani.
Boniventura.
Boniventura, kumi, na chai moja.
Sijafunga kalamu, Melkiori akaingiza kichwa,
kofia ya pikipiki bado kaivaa,
anauliza kama na nauli yake
inaweza kuandikwa humo humo.